Neno "bilulu" na stesheni za Katanga: ulimi wa siasa unapoingia nyumbani mwetu



Kila mama wa Lubumbashi, Likasi, Kolwezi au Kipushi anajua kilulu. Ni kile kidudu kinachoingia katika unga wa bukari ukiuweka siku nyingi, au katika maharage mabaya ya sokoni. Mama akikiona hakiulizi jina wala hakiulizi kimetoka wapi. Anachekecha unga, anauanika juani, na bilulu anavitupa nje. Kazi hiyo haimwumizi moyo hata kidogo, na hakuna mtu anayeweza kumlaumu.

Ndiyo sababu neno hilo lilikuwa la hatari sana lilipotoka jikoni na kupanda jukwaani. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, hapa Katanga (wakati ule jimbo liliitwa Shaba), katika mikutano ya siasa watu walianza kuitwa bilulu. Walioitwa hivyo ni majirani zetu waliotoka Kasai, au ambao wazazi na babu zao walitoka kule. Hakuna mtu aliyehitaji kueleza zaidi. Lugha ya jikoni ilikwisha kutufundisha sisi wote kilulu kinafanyiwa nini.

Tunaandika habari hii kwa sababu mara kwa mara wamama wa vikundi vyetu wanatuuliza: je, matusi ya wanasiasa si maneno tu? Si wanatukanana leo, kesho wanakula pamoja? Jibu ni ndiyo, kesho wanakula pamoja. Tutaona hata mwaka gani walikula pamoja. Lakini tuwatazame pia wale ambao hawakualikwa mezani.

Wakasai walifikaje Katanga

Kijana akisikia leo kwamba fulani ni "mgeni" hapa, ni vizuri ajue ugeni huo una miaka mingapi. Kampuni ya Union Minière ilianzishwa mwaka 1906, nayo ilihitaji watu wa kuchimba shaba na wa kazi za viwandani. Njia ya reli ya BCK ilipofika Port-Francqui, yaani Ilebo ya leo, mwaka 1928, Kasai na Katanga ziliunganishwa kwa chuma. Kampuni na Wabelgiji walileta watu kutoka Kasai kwa maelfu. Wengine walikuwa wachimbaji, wengine makarani, wengine walimu, wengine watu wa reli. Waliletwa kufanya kazi, wakafanya. Walizaa, wakazika wafu wao hapa, na watoto wao wakakua wakisema Kiswahili cha Katanga kuliko Kiluba cha Kasai.

Chuki ilianza kuonekana wazi katika uchaguzi wa manispaa wa mwaka 1957, pale Élisabethville. Wengi kati ya Waafrika waliopata vyeo vya bourgmestre walitoka nje ya Katanga, na wenyeji waliona kwamba wameachwa nyuma katika nchi yao. Mwaka uliofuata, 1958, chama cha CONAKAT kikaundwa. Hatutasema kwamba malalamiko yao yalikuwa ya bure. Mtu anayeona kazi nzuri na nyumba nzuri ya kampuni ziko kwa wengine ana haki ya kuuliza kwa nini. Swali lile lilikuwa la haki, na aliyepaswa kulijibu ni Mbelgiji aliyegawa kazi na nyumba. Lakini swali halikubaki kuwa swali. Liliachwa katika mioyo ya watu kama kaa la moto chini ya majivu, hadi alipotokea mtu wa kulipulizia.

Miaka ya 1991 na 1992

Waliopulizia walikuwa rafiki kwanza, na hilo ndilo linaloumiza. Étienne Tshisekedi, mtu wa Kasai, na Gabriel Kyungu wa Kumwanza, mtu wa Katanga, walikuwa pamoja katika wale wabunge 13 waliomwandikia Mobutu barua mwaka 1980 kumwambia nchi inaharibika. Waliteswa pamoja. Mwaka 1991 walikuwa bado upande mmoja wa upinzani, pamoja na Nguz a Karl-i-Bond. Kisha, mwezi wa Novemba mwaka huo, Nguz alikubali kuwa waziri mkuu wa Mobutu, na Kyungu akawa gavana wa Shaba. Chama chao kiliitwa UFERI, na vijana wake JUFERI. Tarehe 15 Agosti 1992, Conférence Nationale Souveraine ilimchagua Tshisekedi kuwa waziri mkuu mahali pa Nguz. Kule Kasai watu walicheza. Hapa kwetu moto uliwaka.

Sasa tazameni vizuri jinsi ulimi ulivyofanya kazi. Ugomvi ulikuwa wa wanasiasa wachache juu ya kiti kimoja pale Kinshasa. Mfanyakazi wa Gécamines wa Likasi, aliyezaliwa Likasi, hakuwa na kura katika Conférence. Mke wake aliyeuza sombe sokoni hakumjua Tshisekedi ila kwa radio. Ili mtu wa kawaida amchukie mama huyo wa sombe, ilibidi afanyiwe kazi mbili za maneno. Ya kwanza ni kutia chumvi: "Wakasai wamechukua kazi zote." Neno zote ndilo sumu. Ukisema "katika ofisi hii wakubwa 6 kati ya 10 wametoka Kasai," watu watabishana, watahesabu, labda watapata njia ya kurekebisha. Ukisema "zote", hakuna tena cha kuhesabu. Kazi ya pili ni kumtoa mtu katika utu. Hapo ndipo kilulu kiliingia.

Baada ya hayo hata maneno ya ukatili hayakuhitajika. Vijana walipita nyumba kwa nyumba. Watu walifukuzwa kazini, walifukuzwa katika nyumba za kampuni, wengine walipigwa, wengine waliuawa. Likasi iliona hayo tangu Agosti na Septemba 1992. Kolwezi ikafuata mwaka 1993. Familia zilikimbilia stesheni ya reli, kwa kuwa treni ndiyo iliyokuwa njia ya kwenda Kasai. Treni zilikuwa chache, na watu mamia kwa maelfu. Kwa hiyo stesheni zikageuka kambi. Watu walikaa pale wiki na miezi, juu ya masanduku yao, chini ya mashuka na plastiki, wakingoja behewa. Mvua iliwapata pale. Wanawake walizaa pale. Watoto walikufa pale kwa kuhara na kwa surua, na wengine walikufa njiani ndani ya mabehewa. Walioshuka Mwene-Ditu walijikuta katika mji ambao wengi wao hawakuwa wameuona tangu kuzaliwa, na walikuwa wanaitwa "waliorudi nyumbani".

Ni vizuri tuseme jambo moja ambalo wamama wa umri wetu wanalijua. Katika nyumba nyingi mume alikuwa wa huku na mke wa kule. Ugomvi wa wanasiasa uligawanya kitanda. Kuna wamama wa Katanga waliopanda treni pamoja na waume zao, wakaenda kuitwa wageni kule Kasai. Kuna wengine waliobaki na watoto, wakawabadilishia watoto majina. Mtoto aliyebadilishwa jina akiwa na miaka 7 hasahau. Mwulizeni sasa akiwa mtu mzima.

Wakubwa walipatana

Tuliahidi kuwaambia mwaka. Mwaka 2016, vyama vya upinzani vilikutana Genval, kule Ubelgiji, vikaunda Rassemblement, na kiongozi wake akawa Étienne Tshisekedi. Chama cha Kyungu kilikuwamo. Kyungu mwenyewe akawa sauti kubwa ya Rassemblement hapa Katanga, na alisumbuliwa na polisi kwa sababu hiyo. Baadaye Rais Félix Tshisekedi, mtoto wa Étienne, alimteua Kyungu kuwa mkuu wa baraza la uongozi la SNCC, yaani kampuni ya reli. Ndiyo, reli ile ile na stesheni zile zile. Alifariki mwaka 2021, na alizikwa kwa heshima kubwa.

Hatuwalaumu kwa kupatana. Mungu ashukuriwe kwa kila ugomvi unaokwisha. Tunasema tu kwamba mapatano yao hayakurudisha nyumba ya mtu, wala akiba ya miaka 20 ya Gécamines, wala kaburi la mtoto aliyezikwa kando ya reli bila msalaba. Aliyesema neno alipata nafasi ya kulibadili. Aliyeambiwa neno hakupata nafasi hiyo. Wazee wetu husema ulimi hauna mfupa. Na ni kweli, unapinda upande wowote bila kuvunjika.

Si Katanga peke yake

Kule Rwanda, radio ya RTLM ilianza kusikika mwaka 1993. Ilicheza muziki mzuri, ilichekesha, vijana waliipenda. Ndani ya vichekesho hivyo Watutsi waliitwa inyenzi, yaani mende. Tazameni tena: ni mdudu wa nyumbani. Mwaka 1994 kilichofuata kinajulikana na dunia yote. Tarehe 3 Desemba 2003, mahakama ya kimataifa pale Arusha iliwahukumu wakubwa wawili wa radio hiyo na mwenye gazeti la Kangura. Rufaa ilipunguza vifungo vyao mwaka 2007, lakini haikuwafutia hatia. Ni watu waliohukumiwa kwa kalamu na kipaza sauti.

Kwetu Kongo, mwezi wa Agosti 1998 vita vilipofika karibu na Kinshasa, Abdoulaye Yerodia, mtu wa karibu wa Rais Laurent-Désiré Kabila, aliwaita adui wadudu wachafu wa kuangamizwa. Watu waliokamatwa barabarani kwa sababu ya pua na urefu wao tu waliuawa, wengine kwa kuchomwa moto. Ubelgiji ulitoa hati ya kumkamata mwaka 2000. Mahakama ya La Haye ikasema mwaka 2002 kwamba hati hiyo haikuwa halali, kwa kuwa alikuwa waziri wa mambo ya nje wakati ule na alikuwa na kinga. Basi akaishi na kufa bila kuhukumiwa kwa maneno yale.

Na katika kampanye ya Desemba 2023, akiwa Bukavu, Rais Tshisekedi alimlinganisha Rais Kagame wa Rwanda na Hitler, akasema mwisho wake utakuwa kama wa Hitler. Wamama wa Kivu wana sababu za uchungu ambazo sisi wa huku hatuwezi kuzipima. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameandika mara nyingi kwamba jeshi la Rwanda linasaidia M23, na kusema hivyo si tusi, ni habari. Lakini jina la Hitler liliongeza nini? Halikumrudisha mkimbizi hata mmoja nyumbani kwake. Lilipokewa kwa makofi, na siku iliyofuata katika kartiye fulani mtu mwenye sura "ya kule" aliogopa kwenda dukani. Tusi linarushwa kwa rais aliye na walinzi, linamwangukia jirani asiye na mlinzi.

Sifa nazo ni kutia chumvi

Tunasema sana juu ya matusi, tunasahau ndugu yake, yaani sifa za uongo. Wenye umri wanakumbuka televisheni ya Zaire. Kabla ya habari, kichwa cha Mobutu kilishuka kutoka mawinguni kama malaika. Shuleni na kazini kulikuwa na animation politique: wanawake walicheza na kuimba jina lake, na aliyekataa kucheza aliweza kupoteza kazi. Alisifiwa kuwa Kiongozi, Baba, Mjenzi. Wakati huo huo mshahara wa mwalimu ulikuwa haununui tena mfuko wa unga.

Leo hakuna anayelazimishwa kucheza, angalau si kwa sheria. Lakini kampanye inapoanza, kikwembe chenye sura ya mgombea kinafika katika kartiye, pamoja na franka kidogo na chupa ya juisi, na wamama wanapangwa mstari. Wanaimba kwamba fulani ni mwokozi, na kwamba mpinzani wake ni mchawi. Kikwembe ni kizuri, hatukatai. Kinafunika mtoto vizuri wakati wa baridi ya Juni. Lakini sauti ya mama ina bei kubwa kuliko mita sita za kitambaa. Mtu anayekupa wimbo wa kumtukana mwenzake amekodi kinywa chako kwa kazi ambayo yeye anaiona aibu kuifanya mwenyewe.

Na hesabu zao! Kila mgombea akitoka kwenye mkutano anasema aliwapokea watu milioni moja. Stade ya TP Mazembe kule Kamalondo, iliyojaa kabisa, ina viti 18,500. Mama yeyote wa likelemba, anayejua kugawa franka za watu 15 bila kalamu, anaweza kugawa milioni moja kwa 18,500 na kuona kwamba mgombea huyo alihitaji stade 54. Tukimzoea mtu anayetudanganya juu ya idadi ya watu ambao sisi wenyewe tulikuwa kati yao, atatudanganyaje juu ya barabara ambazo hatujaziona?

Ukweli mkali si tusi

Hapa tunaomba mtusome polepole, kwa sababu kuna watu wakubwa wanaopenda sana habari za "kuheshimiana" kwa kusudi la kufunga vinywa.

Tarehe 30 Juni 1960, mbele ya mfalme Baudouin, Patrice Lumumba alisimama bila kuwa katika programu, akasema waziwazi mateso ya ukoloni: kazi ya nguvu, mapigo, dharau. Hata jambo la lugha alilitaja: Mweusi aliitwa "tu", si kwa sababu ya urafiki, bali kwa sababu "vous" ya heshima ilikuwa ya Wazungu tu. Wabelgiji wengi walikasirika, wakasema mfalme ametukanwa. Lakini tafuteni tusi katika maneno yale, hamtalipata. Hakumwita mfalme mnyama. Mnyama lilikuwa neno la wakoloni; wao ndio waliomwita Mkongomani makaku. Lumumba alisema mambo yaliyotendeka, na kila mtu pale aliyajua. Kwa hiyo ukali wa neno hauonyeshi kama ni tusi. Ulizeni kwanza: neno hili linataja tendo, au linataja uzaliwa? "Depite wetu alipewa pesa za pompe ya maji na pompe haipo" ni neno kali, na anaweza kulijibu kwa kuonyesha pompe. "Depite wetu ni mbwa kama kabila lake lote" haliwezi kujibiwa na mtu yeyote.

Sheria za nchi zinajua tofauti hiyo, ila zinatumiwa kwa upande mmoja. Ordonnance-loi ya tarehe 7 Juni 1966 inaadhibu maneno ya chuki ya rangi na ya kabila kwa kifungo cha mwezi 1 hadi miaka 2. Hesabuni: mwaka 1992 sheria hiyo ilikuwa na miaka 26. Ilikuwa imelala katika kabati huku bilulu wakihesabiwa stesheni. Kuna nyingine, ya tarehe 16 Desemba 1963, inayoadhibu kumtukana mkuu wa nchi. Hiyo hailali. Tungependa kuona siku moja ile ya 1966 inaamka mapema kama ile ya 1963.

Mwanamke akisimama

Mwanaume akigombea, anatukanwa kwa kabila lake au kwa pesa zake. Mwanamke akigombea, anatukanwa kwa mwili wake. Ni mke wa nani? Ameachwa na nani? Amelala na nani ili awekwe kwenye lisiti? Neno "kahaba" linatoka haraka kuliko swali lolote juu ya shule au maji. Na linatoka mara nyingi katika vinywa vya wanawake, sokoni, kwa sauti ndogo.

Mwaka 2018 kulikuwa na wagombea 21 wa urais, na mwanamke mmoja tu kati yao: Marie-Josée Ifoku. Alichukua ufagio kuwa alama yake, chombo ambacho wanaume wengi walidhani ni cha kumchekea, akasema nchi inahitaji kufagiwa. Mwaka 2023 wanawake walikuwa wawili kati ya 26. Tarehe 1 Aprili 2024, Judith Suminwa Tuluka akawa mwanamke wa kwanza kuwa waziri mkuu wa Kongo. Kazi yake ipimwe kama ya mtu mwingine: mshahara wa walimu, bei ya unga, usalama. Anayetaka kumpinga ana mambo mengi ya kusema bila kufika kwenye nguo zake.

Katika vikundi vyetu tumeona wamama hodari, wanaoongoza likelemba ya watu 40 bila franka moja kupotea, wakikataa kugombea hata ushefu wa kartiye. Ukiwauliza sababu, hawasemi "siwezi". Wanasema: "Watoto wangu watasikia nini juu yangu?" Tusi linafanya kazi yake hata kabla halijatamkwa.

Nyumbani na katika kikundi

Mtoto hazaliwi na neno bilulu. Mwalimu mmoja wa shule ya msingi alituambia kwamba katika uwanja wa shule yake watoto wa miaka 9 waligombana kwa sababu ya mpira, na mmoja akamwambia mwenzake: "Weye uko kilulu, rudia kwenu." Mtoto huyo alizaliwa zaidi ya miaka 20 baada ya zile treni. Alilipata wapi? Katika radio hakulipata. Alilipata pale baba au mjomba anaposikiliza sauti za WhatsApp mezani, simu ikiwa juu, na watu wazima wakicheka.

Mama anayeona hayo asimpige mtoto kwanza. Amwulize: jina la huyo mwenzako ni nani? Anakaa avenue gani? Mama yake anauza nini? Mtoto akijibu maswali matatu hayo, kilulu kimekwisha kuwa mtu tena. Kwa watu wazima ni vigumu zaidi, lakini kuna jambo moja rahisi: sauti ya matusi ikifika katika simu yako, usiitume mbele hata kwa kuonyesha ubaya wake. Wengi wanaituma pamoja na maneno "sikieni aibu hii", na hivyo ndivyo aibu inavyofika kwa watu 200 zaidi.

Na neno likisemwa mezani na mkubwa wa nyumba, mume au baba-mkwe? Hatuwaambii mfanye vita. Mama mmoja wa kikundi chetu ana njia yake. Mume wake anaposema "wale watu wote ni wezi", anamjibu kwa upole: "Baba fulani, hata mwalimu wa mtoto wetu? Hata yule mganga aliyenizalisha?" Mume hunyamaza, au husema, "Si hao." Basi anamwuliza tena, "Ni nani, basi?" Anasema mazungumzo yao sasa yamekuwa marefu kidogo, na ya majina zaidi.

Kwa wagombea, vikundi vitatu vya kartiye yetu vilifanya mapatano kabla ya kampanye ya mwisho. Kila mgombea aliyeomba kusema na wamama alipelekewa barua fupi yenye mambo manne. Atasema kwa dakika 20. Hatataja kabila la mtu yeyote. Atajibu maswali matatu juu ya maji, shule na zahanati. Wamama hawataimba wimbo walioletewa. Kikwembe kikija, kitapokewa baada ya maswali, au hakitapokewa.

Wagombea watano walipokea barua hiyo. Watatu walikuja, na mmoja wao alijibu vizuri sana juu ya maji, hata akakubali kwamba pesa za jimbo hazitoshi kwa visima vyote alivyotaka kuahidi. Wa nne hakujibu. Wa tano alituma vijana wake kwanza na vipaza sauti. Walipoanza kuimba wimbo wa kumtukana mpinzani na watu wa kwao, mama mwenye kiti alisimama akawaomba wazime. Walisema bila wimbo bosi hatakuja. Akawajibu kwamba viti ni vya kukodi, vinalipwa kwa saa. Walikusanya vyombo vyao na vikwembe vyao, wakaondoka. Ilikuwa saa kumi alasiri, siku ya likelemba, na wamama wote walikuwa wamekwisha kufika. Basi daftari likafunguliwa, na zamu ya siku hiyo ikapewa mama aliyekuwa anangoja kununua mashine ya kushonea.